Taa Nyekundu kwenye Daraja Jembamba

"Rudia tena, baba. Polepole. Ulipofika kwenye kibao cha daraja, uliona nini?"

"Taa nyekundu, afande."

"Ngapi?"

"Moja. Au mbili zilizobanana. Ilikuwa mbele yangu, juu ya daraja, inakwenda."

"Inakwenda au inakuja?"

Dereva wa lori aliinua uso. Siku tatu za mahabusu zilikuwa zimemchosha kuliko miaka yote ya usukani. Shati lilimlegea mabegani kama la kuazima. Alimtazama mwanamke aliyekaa mbele yake, kisha koplo aliyeegemea mlango, kana kwamba swali lenyewe lilikuwa mtego.

"Nyekundu inakwenda, afande. Nyeupe inakuja. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua."

Mwanamke aliyaandika maneno hayo kama yalivyo. Alikuwa inspekta, mpelelezi wa ajali, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, na pale kituoni hakuna aliyemwita kwa cheo chake akishageuza mgongo. Walimwita Mama Vipimo, kwa kuwa hakuamini kitu ambacho hajakipima. Wenye utani walisema hata mkwe wake alimpima urefu kabla ya kupokea posa.

Faili lililokuwa mezani lilikuwa na karatasi nne tu. Jumanne, saa moja kasoro robo jioni, lori la matofali liligongana uso kwa uso na pikipiki juu ya Daraja Jembamba. Mwendesha pikipiki alifia hapo hapo. Koplo yule wa mlangoni, wa usalama barabarani, aliandika kwamba dereva alisinzia, dereva akakataa kuweka sahihi, na ndipo faili likapandishwa ghorofani.

"Endelea," alisema Mama Vipimo.

"Mwaka wa kumi na mbili huu navuka daraja lile. Linabeba gari moja tu, huwezi kupishana na mtu. Ukiona taa nyeupe upande wa pili, unasimama kwenye kibao unasubiri. Ukiona nyekundu, mwenzako katangulia, unamfuata. Mimi nilimfuata. Halafu..."

"Halafu?"

"Halafu nikaona uso."

"Uso wa nani?"

"Wa mtu. Ananitazama." Dereva aliweka viganja vyake juu ya meza, akavitazama. "Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Lakini lori lina matofali elfu tatu, afande. Lori si baiskeli."

Koplo aliguna mlangoni.

Walipotoka hadi kwenye ujia, Koplo hakusubiri hata mlango ufungwe. "Mfa maji haachi kutapatapa. Pikipiki ilikuwa inakuja, afande. Imegongwa usoni. Taa nyekundu iko nyuma, kwenye kisogo cha pikipiki. Ataionaje? Kwani ana macho ya kupenya chuma?"

"Jana nilikwenda darajani," alisema Mama Vipimo. "Kuna alama za breki za lori, mita tisa, nyeusi, zimenyooka. Aliyelala hafungi breki."

"Labda alizinduka."

"Labda. Na pikipiki ilikuwa imeshakula theluthi mbili za daraja. Maana yake marehemu aliingia kwanza. Ilikuwa zamu yake."

"Si ndiyo hayo ninayosema? Dereva ana kosa."

"Ana kosa la kuingia. Mimi nataka kujua kilichomwingiza. Lete ufunguo wa yadi."

*

Yadi ya vielelezo ilikuwa nyuma ya kituo, chini ya mabati, na pikipiki iliegemezwa peke yake kwenye nguzo ya mwisho. Mbele ilikuwa imekunjika kama kopo lililokanyagwa. Matofali yaliyomwagika siku ile yalikuwa yameifunika vumbi jekundu kuanzia usukani mpaka kibao cha namba.

"Marehemu huyu tulimwita Disko," alisema Koplo, na sauti yake ikashuka kidogo. "Ungemwona zamani, afande. Buluu ubavuni, kijani chini ya injini, nyekundu mbele, zote zinamwekamweka. Harusi inayotembea. Nilimwandikia onyo mara mbili." Akatoa kitabu chake mfukoni, akafunua. "Hili hapa. Nikamsomea sheria kama ilivyo: mbele nyeupe au njano, nyekundu ikae nyuma tu, buluu awaachie polisi na gari la wagonjwa, za kumwekamweka asiziguse kabisa. Akanijibu eti Koplo unaonea wivu urembo. Lakini alitii. Ijumaa iliyopita nilimsimamisha, nikamkuta safi. Nimeandika hapa: 'Taa zote za rangi zimeondolewa.'"

Mama Vipimo alikuwa ameshachuchumaa. Alivaa glavu, akafungua skrubu za taa kubwa ya mbele. Kioo cha nje kilikuwa kimevunjika, lakini balbu ndani ilikuwa nzima. Aliitoa, akaiinua kwenye mwanga.

"Njoo uone. Kioo kimeingia weusi kama bomba la taa ya chemli. Na uzi wa ndani umekatika, ncha zake mbili zina vifundo kama vichwa vya pini. Unajua maana yake?"

"Sijui, afande."

"Balbu hii iliungua yenyewe, kifo cha kawaida cha balbu. Haikuuawa na lori." Akaenda nyuma, akafungua taa ya kisogo, akaitoa balbu ndogo. "Na hii je?"

Koplo aliinama. Uzi wa ile balbu ndogo haukukatika. Ulikuwa umevutika na kujipinda kama springi iliyochoka.

"Hii ilikuwa inawaka. Uzi ukiwa wa moto hulainika, ukipigwa mshindo unavutika. Kwa hiyo umeme ulikuwepo, swichi ilikuwa imewashwa, nyuma kunawaka, mbele giza."

"Basi marehemu aliendesha bila taa ya mbele. Dereva hakumwona. Yamekwisha!"

"Hayajakwisha. Dereva hasemi hakuona kitu. Anasema aliona nyekundu."

Alirudi mbele. Safari hii alikaa chini kabisa, sketi ya sare ikashika vumbi, akatazama zile shokapu mbili za gurudumu la mbele. Alizichunguza juu hadi chini mpaka Koplo akaanza kukohoa.

"Vumbi la matofali liko wapi, Koplo?"

"Kila mahali."

"Hapa?"

Kwenye kila shokapu, kuanzia chini ya taa hadi karibu na ekseli, palikuwa na mstari mwembamba, upana wa kidole, usio na vumbi hata chembe. Chuma chake kilikuwa kinang'aa. Mama Vipimo alibandika kidole cha glavu juu yake, na kidole kikanata.

"Gundi," alisema. "Vumbi lilimwagika Jumanne, wakati wa ajali. Lilipomwagika, hapa palikuwa pamefunikwa. Kilichofunika kimebanduliwa baadaye." Akafuata waya kutoka pale hadi kwenye betri. Palikuwa na ncha mbili zilizokatwa kwa koleo, shaba yake ikiwa bado ya manjano. "Na hizi zimekatwa juzi juzi tu. Nani ameingia humu?"

Koplo aliutazama ufunguo mkononi mwake.

"Kitabu cha yadi hakina jina hata moja tangu Jumanne. Nimekitazama kabla sijakuita."

"Afande..."

"Wewe ndiye mwenye ufunguo. Na wewe ndiye uliyeandika kwamba taa zimeondolewa."

Koplo alisimama wima kama anayepokea gwaride. Uso ulikuwa umembadilika. "Afande, unanihoji mimi?"

"Nakuuliza."

"Ijumaa pikipiki ilikuwa safi! Nilipapasa kwa mkono huu. Sijala chochote cha mtu, na mke wangu shahidi, maana kila siku ananisema." Akafunga kitabu chake. "Lakini Jumatano asubuhi nilimfungulia dada wa marehemu. Alikuja analia, anataka sweta la ndugu yake lililokuwa chini ya kiti. Mtu amefiwa, afande. Nikamwambia ingia, chukua. Mimi nikaenda kunywa chai."

"Dakika ngapi?"

"Kama kumi na tano."

"Hukuandika."

"Sikuandika."

Mama Vipimo alitia balbu mbili kwenye bahasha mbili, akaandika saa na tarehe juu ya kila moja. "Huyo dada anafanya kazi gani?"

Koplo alitazama chini. "Ni fundi umeme wa pikipiki. Wanamwita Dada Chaji."

*

Kabla ya kwenda kwa Dada Chaji, walipita darajani. Upande aliotokea marehemu kulikuwa na fundi pancha, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, banda lake hatua ishirini kutoka mdomo wa daraja.

Mama Vipimo alitaka kwanza kulimaliza jambo moja. "Jumanne ile, kabla ya mshindo, kuna pikipiki nyingine yoyote iliyotokea huku ikitoka darajani?"

"Hakuna, mama. Aliyepita ni Disko tu, naye alikuwa anaingia, hatoki. Alinipigia honi."

Kama dereva angekuwa ameona taa ya nyuma ya pikipiki nyingine iliyolitangulia lori, ingetokea huku; basi fikra hiyo ilifia hapo.

"Ulimwona vizuri?"

"Nilikuwa nimeinamia tairi. Nilipoinua kichwa nikaona mgongo wake."

"Na mbele yake?"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, jambo ambalo liliifanya chafu zaidi. "Kingo za daraja zilikuwa zinawaka nyekundu. Pande zote mbili. Anavyosogea na wekundu unasogea, umemtangulia. Nikasema moyoni, Disko huyu karudia mambo yake."

Koplo alidakia, "Mbona siku ile hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Uliniuliza kama lori lilikuwa na mwendo kasi."

*

Duka la Dada Chaji lilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya mbao na ukuta mzima wa misumari. Kwenye kila msumari ilining'inia roda iliyoviringishiwa ukanda wa taa ndogondogo za kubandika: kijani, njano, nyeupe, zambarau. Juu yake palikuwa na kadi iliyoandikwa kwa kalamu nene: HATUFUNGI BULUU. HATUFUNGI NYEKUNDU MBELE. USINIGOMBANISHE NA SERIKALI.

Mwenyewe alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Ndugu yake alizikwa jana. Alikuwa amefungua, alieleza kabla ya kuulizwa, ili kumaliza kazi mbili za watu tu, kisha arudi nyumbani kwa mama.

"Pole sana na msiba," alisema Mama Vipimo.

"Ahsante, mama. Tumeshapoa. Kazi ya Mungu."

"Alikuwa mdogo wako wa ngapi?"

"Kitinda mimba. Sisi wawili tu tulibaki kwa mama." Mikono yake iliendelea kufungua swichi ya mteja, vidole vyepesi, vimechomwa madoa madogo na risasi ya kulehemu. "Na yule dereva? Mmeshampeleka mahakamani?"

"Jumatatu. Jumanne ile mdogo wako alipita hapa?"

Bisibisi ilisimama, ikaendelea. "Hakupita."

"Taa yake ya mbele ilikuwa imeungua. Hakukwambia?"

"Hakuniambia. Siku hizi alikuwa na haraka zake."

Mama Vipimo alitazama misumari. Alihesabu kwa macho. Roda zilikuwa nene, zimejaa, isipokuwa msumari wa nne kutoka mlangoni, ambao haukuwa na kitu. Chini yake, ukutani, palibaki duara la rangi ya ukuta isiyopauka.

"Nyekundu imeisha?"

"Nyekundu haina wateja. Watu huweka nyuma tu, vipande vidogo vidogo."

"Nakuomba unisaidie kitu, fundi." Mama Vipimo aliweka juu ya kaunta roda mpya ya ukanda mwekundu, aliyoinunua njiani. "Nataka kufanya jaribio darajani, saa ile ile. Nifungie huu kwenye shokapu za mbele za pikipiki ya kituo, iko hapo nje. Uuunganishe na betri moja kwa moja."

Koplo alimgeukia kwa haraka. Hakuwa ameambiwa.

Dada Chaji aliitazama ile roda bila kuigusa. "Nyekundu mbele hairuhusiwi," alisema kwa sauti ndogo. "Kadi hiyo hapo."

"Najua. Leo nakuruhusu mimi."

Angeweza kukataa, lakini angeulizwa sababu. Akachukua mkasi. Kazi ilichukua dakika ishirini. Alipima shokapu kwa kidole gumba na cha shahada, akakata vipande viwili, akavibandika kuanzia chini ya taa hadi karibu na ekseli, bila kusitasita, kama mtu anayefunga kifungo cha shati lake mwenyewe. Mama Vipimo alipima urefu wa vile vipande kwa utepe wake, kisha akafungua daftari na kuangalia urefu wa mistari isiyo na vumbi.

Hakusema kwamba vililingana. Alisema tu, "Twende pamoja. Nahitaji jicho la fundi."

*

Saa moja kasoro robo, jua lilikuwa limeshazama na mbingu imebaki na rangi ya majivu. Polisi wawili walifunga barabara kwa dakika kumi. Kwenye kibao cha daraja, upande aliotokea dereva, liliegeshwa lori la kuazima, la kimo kile kile. Mama Vipimo alipanda kiti cha usukani, akamkalisha Dada Chaji kando yake. Injini haikuwashwa. Ng'ambo ya daraja, Koplo alikuwa juu ya pikipiki, taa kubwa imezimwa.

Mama Vipimo alitoa mkono dirishani, akaupunga.

"Sema unachokiona," alisema.

"Naona... taa nyekundu."

"Wapi?"

"Juu ya daraja. Katikati."

"Inakwenda au inakuja?"

Dada Chaji alikunja macho. Daraja lilikuwa limegeuka mstari mweusi kati ya kingo mbili, na ndani yake kipo kijiti kimoja cha wekundu, kimetulia, hakina mwili.

"Inakwenda."

"Una hakika?"

"Nyekundu si... Inakwenda, mama. Iko mbali. Inazidi..." Akasogeza uso kwenye kioo cha mbele. "Inazidi kuwa kubwa."

Kile kijiti kilitengana kikawa viwili. Juu yake kikazuka kitu cheusi, kisha kitu hicho kikapata mabega. Ghafla palikuwa na uso, umeangazwa kutoka chini kwa wekundu, karibu kuliko ilivyowezekana, unawatazama.

Mguu wa kulia wa Dada Chaji ulikanyaga sakafu ya lori mara mbili, kwa nguvu, mahali pasipo na breki. Kisha akapiga kelele moja fupi na kujiziba mdomo kwa mikono yote.

Koplo alisimamisha pikipiki hatua tano mbele ya lori, akazima.

"Nilitaka aonekane," alisema Dada Chaji kupitia vidole vyake.

Mama Vipimo hakufungua daftari.

"Alikuja saa kumi na mbili, nafunga duka. Balbu ya mbele imeungua. Nikamwambia za saizi yako zimeniishia, kesho asubuhi nitakuletea. Akasema basi nitakwenda hivyo hivyo, mwezi upo. Nikamwambia huendi popote bila taa, mama atanila nyama. Nyekundu ndiyo iliyobaki kipande cha kutosha shokapu mbili, nyingine zote nilikuwa nimeziagiza, zimefika jana Alhamisi tukiwa makaburini. Akacheka. Akasema, dada, Koplo ataninyonga. Nikamwambia Koplo saa hizi yuko kwenye sahani yake, we nenda, kesho nakubandulia." Alipumua kama mtu aliyetoka kupanda mlima. "Ilikuwa ya usiku mmoja tu. Aonekane mpaka nyumbani."

"Na Jumatano ulikwenda kuzibandua."

"Niliogopa watu waseme amekufa mvunja sheria. Mama asikie hayo kaburi bado bichi? Na mimi, na kadi yangu ile ukutani! Nilijua ni kosa, mama. Niliwakataza wateja mimi mwenyewe. Lakini nilidhani ni kosa la polisi na vitabu vyao, mtu anaandikiwa, yanaisha. Sikujua kuna mtu anaweza kukaa hapa nilipokaa, akatazama, akaona..."

"Ulijua dereva yuko ndani."

"Kila mtu alisema alilala." Aliinua macho yaliyolowa. "Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini. Mtu akifiwa hutafuta wa kumchukia, na yeye alikuwepo tayari."

Nje Koplo alikuwa ameshuka, anazunguka pikipiki, hajui akaribie au asikaribie. Hatimaye Mama Vipimo alimteremsha Dada Chaji, akampeleka kwenye gari. Ule ukanda wa kwanza, alisema Dada Chaji, uko nyumbani, ndani ya debe la unga, umeviringishwa kwenye lile sweta. Polisi mmoja aliondoka naye kwenda kuuchukua. Dada huyo aliomba jambo moja tu, kwamba yeye mwenyewe ndiye amwambie mama yake, na Mama Vipimo akakubali.

Walipobaki wawili, Koplo alisema, "Afande, roda ile dukani tu ilitosha. Ungembana pale pale kwenye kaunta angesema. Hakukuwa na haja ya kumkalisha kwenye kile kiti."

"Pengine angesema."

"Au ungemweka mmoja wa wale polisi waliofunga barabara pale juu, akaona yeye. Ushahidi ungekuwa ule ule."

"Ungekuwa ule ule," alisema Mama Vipimo. Alikuwa anakunja utepe wake wa kupimia, na ulikuwa unamshinda kukunjika. "Na wewe kesho utaandika maelezo ya ile chai yako ya Jumatano. Dakika kumi na tano, usipunguze."

"Ndiyo, afande."

*

Jumamosi saa tatu asubuhi dereva wa lori alirudishiwa mkanda wake, saa yake na kamba za viatu. Mama Vipimo alimweleza yote akiwa amesimama, kwa maneno machache: taa ya mbele iliyoungua, ukanda mwekundu, nani aliufunga na kwa nini. Shtaka dhidi yake limeondolewa. Dereva alisikiliza huku anavuta kamba za kiatu kimoja, akazifunga, akazifungua, akazifunga tena.

"Kwa hiyo sikuwa nimepotewa na akili," alisema.

"Hukupotewa."

"Siku nne usiku kucha nilikuwa najiuliza. Nikasema labda kweli nililala, nikaota ile taa." Akanyanyuka. "Na huyo dada?"

"Atashtakiwa. Kufunga taa isiyoruhusiwa, na kuharibu kielelezo. Hakimu ataamua."

"Yuko wapi?"

Mama Vipimo alisita. Kisha akaelekeza kwa kidevu.

Dada Chaji alikuwa kwenye benchi la ujia, anasubiri kuitwa kuandika maelezo. Kando yake hapakuwa na mtu. Mama yake, alivyosimulia Dada Chaji alipofika, hakupiga kelele wala hakulia. Aliingia chumbani akafunga mlango, na mpaka asubuhi alikuwa hajaufungua.

Dereva alitembea mpaka pale. Viatu vyake vilikuwa vinalia sakafuni. Koplo alijiandaa kusogea, Mama Vipimo akamzuia kwa mkono. Dada Chaji aliinua uso, akamtambua bila kuambiwa, akaanza kuinuka kama anayetaka kukimbia au kupiga magoti, haikujulikana.

"Kaa, dada," alisema dereva. Naye akakaa, si karibu, mwisho wa pili wa benchi.

Simu ililia mahali ndani, ikapokewa.

"Pole na msiba," alisema.

Dada Chaji alikalia tena ukingo wa benchi. "Nawe pole, kaka. Nimekuweka..."

"Najua ulikoniweka. Nimetoka huko." Hakusema kwa ukali wala kwa upole. "Ndugu yako alinitazama mimi wa mwisho. Sijui nitalipandaje lile lori tena."

Mlango wa ofisi ulifunguka na karani akaita jina. Dada Chaji akasimama, akajifunga vizuri kitambaa chake cheusi, akaingia.

"Baba, uko huru," Mama Vipimo alimwambia dereva. "Mkeo yuko getini tangu alfajiri."

"Mwambie nakuja." Dereva hakuondoa macho kwenye ule mlango uliofungwa. "Nangoja atoke kwanza. Asitoke akakuta benchi tupu."